Laini inakatika katikati ya kupandisha mfumo, niko Wete, Pemba: nyinyi mnafanyaje iende yenyewe?

karafuu_mbichi (Wete)

Assalaam alaykum wanabaraza.

Naandika mfumo wa kuweka nafasi za vyumba. Wateja wetu ni nyumba ndogo za wageni za pwani ya mashariki ya Unguja, Jambiani, Paje na Bwejuu, na mbili tatu za Nungwi. Si hoteli kubwa. Ni zile za vyumba sita au vinane, mwenyewe ndiye anayepokea wageni na mwanawe ndiye anayejibu barua pepe. Tumo watatu: mimi niko Wete, mwenzangu yuko Kisauni ya Unguja, na dada anayetengeneza kurasa za mbele yuko Chake. Mfumo ni wa Laravel (php), kanzidata ni MySQL, msimbo tunauhifadhi mtandaoni GitHub, seva tumekodi Ujerumani.

Namna tunavyopandisha toleo jipya ni hii. Nasubiri saa sita ya usiku ipite, watu wa mapokezi wamelala. Naingia kwenye seva kwa ssh, napiga `php artisan down`, halafu `git pull`, halafu `composer install` inayoshusha vifurushi vya msimbo tunavyovitegemea, halafu `php artisan migrate` inayobadili majedwali ya kanzidata, inaniuliza kama nina uhakika, najibu yes. Nasafisha kashe, nawasha upya php, `php artisan up`. Nachukua simu, nafungua ukurasa wa kwanza. Ukifunguka nalala.

Tabu ya kwanza ni laini. Ninazo mbili za mitandao tofauti, na usiku wa mvua zote mbili zinayumba. Ikikatika composer yuko katikati, ssh inakufa na kazi inakufa nayo. Mfumo unabaki umefungwa, folda ya vendor, ya vile vifurushi, nusu mpya nusu kongwe, na mimi niko dirishani natafuta alama moja ya mtandao.

Tabu ya pili ni kurasa za mbele. Dada wa Chake anazijenga kwenye laptopu yake kisha anazipandisha kwa scp, megabaiti kadhaa kila mara, kwa bando lake mwenyewe. Keshaanza kunung'unika, na ana haki.

Ya tatu, funguo za seva ziko kwenye laptopu yangu tu. Nikiwa kwenye boti kwenda bandari ya Malindi, Unguja, pakiharibika kitu basi hadi nishuke.

Nimesoma habari za kupandisha kwa mashine, kila badiliko linajijaribu na kujipeleka lenyewe. Lakini kila maelezo yananitaka niwe na Kubernetes, ule mtambo wa kusimamia seva nyingi, na timu ya watu ishirini. Tena aliyetia mtaji ni mzee wetu mmoja wa Mlandege. Nilipomwambia nataka mashine ipandishe yenyewe akaniuliza swali moja tu: "Na ikikosea, nimpigie simu nani?" Sikuwa na la kumjibu.

Nyinyi mnafanyaje?

tumbatu_linux (Unguja)

Yakhe, kwa leo usiku: ukishaingia kwenye seva andika `tmux`, ndani yake ndiyo ufanye mambo yako. Laini ikikatika kazi inaendelea huko huko. Ukirudi andika `tmux attach`, unaikuta ilipofika. Haimalizi tatizo lako ila utalala.

bi_mkubwa_mbweni (Unguja)

Wa alaykum salaam mwanangu. Hiyo tmux ichukue, itakufaa wiki hii. Sasa tuzungumze.

Mimi nimekaa miaka mingi kwenye chumba cha seva cha taasisi moja ya fedha hapa mjini, sasa nashauri vijana wenye kampuni ndogo kama yako. Hiyo Kubernetes wala usiiguse. Una seva moja na watu watatu.

Anza kwa kutazama mizigo yako inapita njia gani. Msimbo uko GitHub, seva iko Ujerumani, na baina yao ipo njia pana isiyojua kama Wete kunanyesha. Vifurushi vya composer havipiti Pemba hata sasa, vinashuka moja kwa moja kwenye seva. Kinachopita Pemba ni amri unazoandika wewe na yale mafaili ya dada. Basi hivyo viwili ndivyo vya kuviondoa. Kutoka Wete kitoke kitu kimoja tu, `git push`, kilobaiti chache. Laini ikikatika kabla haijamaliza, tawi lako huko GitHub linabaki lilivyokuwa, unasukuma tena. Yaliyobaki yote yafanywe huko huko. Ungekuwa unaishi karibu na seva nisingelisisitiza hivi, lakini kwa mtu wa Pemba hii ndiyo faida kubwa kuliko zote, na vitabu havikwambii kwa sababu waandishi wake laini haiwakatikii.

Ila usianze na GitHub Actions, ile huduma ya GitHub ya kuendesha kazi kwa mashine zao. Anza na skripti. Ule mlolongo ulioutaja, `down`, `git pull`, `migrate`, uko kichwani mwako. Uandike kwenye faili moja la bash, juu kabisa utie `set -e` ili ikikosea hatua moja isimame pale pale, isiendelee kuharibu. Kwenye `artisan migrate` tia `--force`, maana kwenye seva ya kazi inauliza uthibitisho na mashine haina wa kujibu yes. Faili liweke kwenye ripo, pamoja na msimbo wenu huko GitHub. Kisha mpe mwenzako wa Kisauni aiendeshe, wewe kaa kwenye simu na ufunge mdomo. Kila atakapokuuliza "hapa nifanye nini", hapo ndipo skripti ilipopungua. Mpaka aiendeshe bila kukuuliza kitu, huna cha kuikabidhi mashine.

La pili, acha kubadilisha msimbo juu ya msimbo. `git pull` ndani ya folda inayotumika maana yake kwa muda fulani mfumo ni nusu huku nusu kule. Tengeneza folda ya `releases`, kila toleo liwe na folda yake yenye tarehe na saa, na kiungo kimoja kiitwacho `current` ambacho seva ya wavuti inakifuata. Toleo jipya unalitayarisha pembeni mpaka liwe kamili, halafu unageuza kiungo. Ni kama kuhamia nyumba mpya na ile ya zamani hujaibomoa. Kiini cha skripti ni hiki:

```
set -e
cd /srv/vyumba
TOLEO=$(date +%Y%m%d%H%M%S)
mkdir releases/$TOLEO
tar -xzf - -C releases/$TOLEO
ln -s /srv/vyumba/shared/.env releases/$TOLEO/.env
php releases/$TOLEO/artisan migrate --force
ln -s releases/$TOLEO current_mpya
mv -T current_mpya current
```

Utakutana na watu wanaandika `ln -sfn` moja kwa moja juu ya `current`. Inafanya kazi, lakini `ln` ya matoleo ya zamani inafuta kiungo cha zamani kwanza ndipo inaweka kipya, na baina ya hayo ipo nukta ambayo kiungo hakipo. `mv -T` inakibadilisha kwa tendo moja. Folda ya `storage` nayo iweke kwenye `shared`, folda ya vitu vya matoleo yote, kama lile faili la mipangilio `.env`, la sivyo picha za vyumba zitaonekana zimepotea kila ukipandisha.

Baada ya kugeuza, mambo mawili ambayo watu husahau. Pakia upya php-fpm, programu inayoendesha php, kwa sababu OPcache, kashe yake ya msimbo, inaweza kuendelea kutoa msimbo wa folda ya zamani. Na upige `php artisan queue:restart`. Wale wafanyakazi wa foleni, yaani programu zinazotuma barua pepe nyuma ya pazia, hubaki na msimbo waliouanza nao kwenye kumbukumbu. Usipowawasha upya, mgeni atapokea uthibitisho wenye maneno ya toleo la wiki iliyopita, na wewe utatazama msimbo usiku kucha uuone uko sawa.

Hapo una jibu la mzee wa Mlandege, na mzee kauliza swali zuri kuliko wahandisi wengi niliowasikia. Mwambie atampigia yeyote kati yenu watatu, na yeyote atakirudisha kiungo kwenye folda ya jana kwa amri moja. Leo anaweza kukupigia wewe tu, nawe uko baharini.

Sasa ndiyo GitHub Actions. Mpango wa bure unakupa dakika 2,000 kwa mwezi kwa ripo za siri, na nyinyi hamtazimaliza. Mashine yao inachukua msimbo, inaendesha composer, inajenga kurasa za dada (bando lake limepona), inaendesha majaribio, inafunga vyote kwenye kifurushi kimoja cha tar, inakituma. Hiyo alama ya `-` kwenye `tar` hapo juu maana yake kifurushi kinasomwa kutoka kwenye bomba la ssh lenyewe, huhitaji scp.

Nimekifanya hivyo kwa sababu ya ufunguo. Usiweke ufunguo wako binafsi kwenye GitHub, hata kwenye ile sehemu ya siri. Tengeneza ufunguo mpya, na kwenye `authorized_keys` ya seva utangulize `command="/srv/vyumba/pandisha.sh"` mbele yake. Ufunguo huo utaweza kuendesha skripti hiyo tu. Ukivuja, mwizi hapati ganda la kuandika amri. Kurudisha toleo nako kuwe na ufunguo wake na skripti yake. Na ule ufunguo wa utambulisho wa seva uandike kwenye `known_hosts` ya upande wa Actions tangu mwanzo, usizime ukaguzi kwa kuwa tu mtu wa YouTube kauzima.

Mwisho wa safari kuwe na kitufe. Mashine itayarishe kila kitu mpaka mlangoni, lakini kuvuka kizingiti abonyeze mtu. Yale mambo ya Amazon na Flickr ya kupandisha mara chungu nzima kwa siku ni mazuri, Flickr walilisema hadharani tangu 2009 na dunia ikashangaa, lakini nyuma yake kuna majaribio na vipimo ambavyo nyinyi hamna bado. Kwenye Actions kitufe kinaitwa `workflow_dispatch`. Kuna kipengele kingine cha kuidhinisha, ila kwa ripo za siri hakimo kwenye mpango wa bure, usipoteze muda kukitafuta. Ongeza na mstari wa `concurrency` ili wewe na wa Kisauni mkibonyeza pamoja mmoja asubiri.

Kanzidata ndiyo yenye kazi. Kiungo unakirudisha kwa sekunde moja, safu uliyoifuta kwenye jedwali hairudi. Tena MySQL haikupi nafasi ya kutengua: amri za kubadili muundo wa jedwali zinathibitishwa papo hapo, kwa hivyo migresheni (ile kazi ya `migrate`) yenye hatua nne ikianguka ya tatu, mbili za mwanzo zimekwisha kukaa. PostgreSQL ina afadhali hapo, lakini usihame kwa hilo tu.

Kwa hivyo jizuie na jambo moja: toleo moja lisiongeze na kufuta. Tuseme mna safu `bei` ambayo ni dola, sasa mwenye nyumba anataka na shilingi. Toleo la kwanza linaongeza `kiasi` na `sarafu`, zikiruhusiwa kuwa tupu, na msimbo unaandika kote kuwili lakini bado unasoma `bei`. Toleo la pili linajaza safu mpya kwa rekodi za zamani na kuanza kuzisoma. Wakati wote huo ukirudi nyuma toleo moja mfumo unaendelea kufanya kazi. `bei` yenyewe ifute baadaye sana, ukishaisahau. Mabadiliko makubwa ya majedwali yangojee masika. Aprili na Mei nyumba nyingi za pwani ya mashariki ziko tupu au zimefungwa kabisa, ukisimamisha mfumo nusu saa hakuna wa kukupigia. Ukifanya hayo Agosti utajijua.

Na hiyo saa sita ya usiku uiache. Unapandisha wakati umechoka, peke yako, wateja wamelala hawakwambii kilichovunjika mpaka asubuhi wakiwa na wageni mbele yao. Pandisha saa tano ya asubuhi, siku ya kazi. Wageni wa kutoka wameshatoka, wa kuingia bado wako kwenye boti au kwenye daladala za pwani, nyote watatu mko macho. Alhamisi mchana mimi sipandishi kitu, maana Ijumaa hapa ni nusu siku.

kaskazi_kusi (Dar es Salaam, kwetu Konde)

Shikamoo bi mkubwa. Nakubaliana nawe sehemu kubwa, ila naona tunamsifia sana mashine.

19 Julai 2024 kampuni ya CrowdStrike ilisukuma faili la usanidi kwa wateja wake duniani. Lilipelekwa na mashine, kwa ufanisi kabisa, kwa wote kwa mkupuo. Microsoft ilikadiria kompyuta milioni 8.5 za Windows zilianguka. Wenyewe waliligundua na kuliondoa faili ndani ya dakika 78, haikusaidia, kompyuta zilizokwisha anguka nyingi zilihitaji mtu asimame mbele yake azirekebishe moja moja. Baadhi ya viwanja vya ndege vilirudi kuandika pasi za kupandia ndege kwa kalamu.

Ndugu yetu wa Wete leo akikosea anakosea polepole na anajiona anakosea. Kesho atakosea kwa sekunde nane. Na sikusikia popote akisema ana majaribio. Mfumo usio na majaribio kuupandisha kwa mashine ni kuharakisha aibu.

bi_mkubwa_mbweni (Unguja)

Marahaba mwanangu.

Umechagua mfano mzuri, nami nna wangu. 1 Agosti 2012, Marekani, kampuni ya Knight Capital iliyokuwa ikinunua na kuuza hisa kwa kompyuta. Msimbo mpya ulitakiwa uwekwe kwenye seva nane. Ukawekwa kwa mkono, seva saba, ya nane ikasahaulika, na hakukuwa na mtu wa pili wa kuhakiki. Soko lilipofunguliwa ile ya nane ikaamsha kipande cha msimbo wa zamani kilichokuwa hakitumiki tena miaka mingi, ikaanza kununua na kuuza ovyo. Dakika 45 hivi, hasara ya dola zaidi ya milioni 400. Na katikati ya taharuki wakautoa msimbo mpya kwenye zile seva saba nzima, tatizo likazidi, kwa sababu zote sasa zikawa kama ile ya nane. Hao nao walikosea polepole, mtu mmoja mmoja, seva moja moja.

Ninachokichukua kwako ni hatua, kutokupelekea wote kwa pamoja. Kwa mfumo wa seva moja hatua haziwi za seva, zinakuwa za mteja. Kwenye jedwali la nyumba za wageni ongeza safu ya swichi. Kipengele kipya kinapanda kikiwa kimezimwa kwa wote, unakiwasha kwa nyumba moja, yule wa Jambiani asiyekasirika haraka, unamwachia wiki, ndipo uwawashie wengine. Kupandisha msimbo na kuwasha kipengele ni shughuli mbili, zikitenganishwa roho inatulia.

Majaribio nayo, sitaki asilimia. Nataka matatu: wageni wawili hawawezi kupata chumba kimoja usiku mmoja, jumla ya bei inatoka sawa mgeni akiongeza usiku, na uthibitisho unaingia kwenye foleni. Hayo yakivunjika kifurushi kisifungwe. Mengine waandike kila kitu kinapoharibika: kabla ya kutengeneza, liandike jaribio linaloonyesha kilivyoharibika. Na wasijaribie kwa nakala ya kanzidata halisi. Mle mna pasipoti za watu. Laravel ina njia ya kutengeneza wageni wa uongo, waitumie.

chake_ofisini (Chake Chake)

Naomba kudandia uzi. Sisi seva yetu haipo nje, iko ofisini hapa Chake, nyuma ya ruta, haina anwani ya umma. Wafanyakazi wanaitumia hata intaneti ikiwa haipo, ndiyo sababu hatutaki kuihamisha. GitHub haiwezi kuifikia. Tufanyeje?

tumbatu_linux (Unguja)

Geuzeni mwelekeo. Kuna programu ya GitHub inaitwa runner, mnaisakinisha kwenye seva yenu au kompyuta ya pembeni yake. Yenyewe ndiyo inayotoka nje kuuliza "kuna kazi?", kwa HTTPS ya kawaida mlango 443. Hakuna kinachoingia kutoka nje, ruta hamuigusi. Ikiwa intaneti haipo kazi inangoja, ila ikipita saa 24 kwenye foleni inahesabiwa imeshindwa, mtaibonyeza tena.

Sharti moja: ripo iwe ya siri. Ripo ikiwa ya wazi, mtu yeyote anaweza kuleta ombi la kuunganisha lenye amri zake, na runner yenu ikaziendesha ndani ya ofisi yenu. GitHub wenyewe wanaonya juu ya hilo.

Na muwe na UPS, betri ya akiba ya seva umeme ukikatika. Nawakumbusha tu kwa sababu nyinyi watu wa Pemba tangu 2010 mna waya wenu wa umeme kutoka Tanga mmejisahau, sisi wa Unguja Disemba 2009 mpaka Machi 2010 tulikaa gizani miezi mitatu, bado tunanunua mafuta ya jenereta kwa mazoea.

chake_ofisini (Chake Chake)

Ha ha, ahsante. Hilo la intaneti kungoja ndilo nililolitaka. Mei 2024 zilipokatika nyaya za intaneti za EASSy na Seacom baharini, tulikaa siku kadhaa tunavuta kila kitu kwa tabu, ofisi ikaendelea kwa kuwa seva iko chumba cha pili.

karafuu_mbichi (Wete)

Nimerudi, samahani nilipotea, tulikuwa na kazi.

Bi mkubwa nimekufuata kama ulivyosema, skripti kwanza. Mwenzangu wa Kisauni aliiendesha mimi nikiwa kimya, na kimya kilinishinda mapema: alifika kwenye kuwasha upya php akasema haina ruhusa. Kumbe mimi siku zote naingia kama root, mtumiaji mwenye ruhusa zote, sikuwahi kuliona hilo. Tumetengeneza mtumiaji maalumu wa kupandisha, tumempa sudo, yaani ruhusa ya root, kwa amri ile moja tu ya php-fpm. Baada ya hapo ikaenda.

Actions sasa inafanya kazi. Nilisukuma badiliko nikiwa gatini Wete na alama moja ya mtandao, laini ikakatika, na nilipofungua simu tena kifurushi kilikuwa kimeshafungwa kinangoja kitufe. Dada wa Chake ameacha kunung'unika. Jaribio la chumba kimoja kwa wageni wawili lilianguka siku ya kwanza tulipoliandika, kwa hivyo kaskazi_kusi nakushukuru pia, kosa lilikuwepo humo muda wote na hakuna aliyejua.

Mawili yamebaki. Mwenzangu ameweka kazi ya kila usiku inayojenga mfumo upya kwenye seva ya majaribio na kuendesha majaribio yote. Aliandika `0 2 * * *`, yaani dakika sifuri, saa 2, kila siku, anataka iwe saa mbili usiku tukiwa bado macho. Inakuja saa kumi na moja ya alfajiri, na siku nyingine inachelewa hata zaidi. Tumekosea wapi?

La pili, mzee wa Mlandege ameridhika mno. Sasa anataka kitufe awe nacho yeye.

bi_mkubwa_mbweni (Unguja)

Hongereni. Hilo la sudo ya amri moja mmelifanya vizuri bila kuambiwa.

Cron ya Actions, yaani hiyo ratiba yake, husoma saa za UTC, nasi tuko mbele kwa saa tatu. Tena mwenzako kaandika 2 kwa saa yetu ya kuanzia magharibi, mashine inahesabu kuanzia usiku wa manane. 02:00 ya UTC hapa ni 05:00, ndiyo hiyo saa kumi na moja yenu ya alfajiri. Saa mbili ya usiku ni 20:00 yetu, UTC ni 17:00. Na msiweke dakika sifuri. Watu dunia nzima wanaweka dakika sifuri, foleni inajaa hapo, ndiyo sababu inachelewa. Wekeni `20 17 * * *`, itaanza saa mbili na dakika ishirini au hapo karibu. Ila kitu kinachotakiwa kianze kwa wakati kamili, kama nakala rudufu ya kanzidata, kisiwe kwenye Actions, kiwe kwenye cron ya seva yenyewe. Na mtazame seva inafuata saa za wapi kabla ya kuandika, `timedatectl` itakwambieni.

Mzee kitufe msimpe. Mwandikieni hatua moja mwishoni mwa faili la Actions, kila toleo likipanda apate barua pepe: nini kimebadilika, kwa Kiswahili cha kawaida, nani kabonyeza, na namba ya simu ya huyo aliyebonyeza.